Maswali ya Wasomaji: Nataka Tovuti Yangu Iwe Nyumba ya Mawe

SWALI

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mfasiri wa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ninaishi Mombasa, lakini nilizaliwa na kulelewa Lamu katika nyumba ya mawe ya bibi yangu. Tangu mwaka 2014 nina tovuti yangu binafsi. Nilipoianza ilikuwa na kurasa nne. Leo zimepita 200, na humo vimechanganyika wasifu wangu wa kazi, bei za tafsiri, makala kuhusu istilahi, mashairi niliyoyafasiri kwa kujifurahisha, orodha ya maneno ya mafundi wa majahazi niliyoikusanya kwa miaka mingi, na picha za familia. Vyote vimepangwa kwa tarehe, kipya juu na cha zamani chini. Mwezi uliopita mteja alinipigia simu akaniambia kwamba alizitafuta bei zangu asizione, ila alifurahi sana kuziona picha za harusi ya mdogo wangu. Nilicheka, lakini baada ya kukata simu niliona haya.

Nimeamua kuijenga upya, na nimepata wazo moja la kuishika yote pamoja: tovuti iwe nyumba ya bibi. Mgeni akifika aone picha ya mlango wa nakshi, aubofye, ufunguke kwa sauti ya bawaba, kisha aingie dakani, apite tekani, afike kiwandani, na kuendelea hivyo hadi ndani. Menyu nayo iandikwe kwa majina hayo hayo. Kijana anayenisaidia kazi ya ufundi anasema wazo ni zuri lakini watu watapotea. Je, niendelee au niache? Na nikiendelea, nianzie wapi?

Mfasiri, Mombasa

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Endelea na nyumba, ila mlango wa nakshi uuache.

Turudi kidogo kwenye somo la fasihi. Tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa msaada wa maneno kama vile “kama” na “mithili ya”, ilhali sitiari huviunganisha moja kwa moja hata kimoja kikachukua nafasi ya kingine. Mlango uliochorwa kwenye skrini, pamoja na sauti yake ya bawaba, ni tashbihi: unamwambia mgeni kwamba tovuti hii ni kama nyumba, halafu unamwacha palepale alipokuwa. Mara ya kwanza atapendezwa. Mara ya tatu, akiitafuta namba yako ya simu huku bando likikaribia kwisha, mlango ule umekuwa kizuizi. Sitiari unayoihitaji ni ile inayokusaidia kuamua nini kikae wapi, nani akione kwanza, na nani asikione kabisa. Kazi hiyo hufanyika kwenye karatasi kabla ya rangi na picha, na inaweza kukamilika pasipo mgeni hata mmoja kujua kwamba nyumba ya bibi yako ilihusika.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa na wenye fedha nyingi kuliko mimi na wewe. Mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ilitoa programu iliyoitwa Bob, iliyoigeuza skrini ya kompyuta kuwa nyumba yenye vyumba. Aliyetaka kuandika barua alibofya kalamu na karatasi zilizochorwa humo chumbani. Mwaka uliofuata programu hiyo iliondolewa sokoni. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ikiwemo kwamba ilidai kompyuta yenye nguvu kuliko zile walizokuwa nazo watu wengi majumbani, lakini kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa kumlazimisha mtu azunguke chumbani akitafuta kitu ambacho jina lake tu lingetosha. Linganisha na sitiari ya meza ya ofisini, iliyouzwa kwa mara ya kwanza na kompyuta ya Xerox Star mwaka 1981 na kuenezwa na Macintosh ya kampuni ya Apple kuanzia mwaka 1984. Hiyo imedumu hadi leo, na nadhani imedumu kwa sababu haikudai mengi. Kutoka kwenye ofisi halisi ilichukua wazo la karatasi kukaa ndani ya folda, na machache yanayofanana na hilo, ikaacha vumbi, droo zinazokwama na karani anayesinzia. Pale ilipovutwa kupita kiasi ilileta taharuki: kwa miaka mingi mtumiaji wa Macintosh aliyetaka kuitoa diski alitakiwa kuiburuta hadi kwenye picha ya pipa la taka, na wengi waliogopa kwamba kazi zao zitafutwa. Pipa lilikuwa limebebeshwa maana ambayo hakuna pipa duniani linayo.

Sasa tuingie nyumbani kwenu, kwani hapo ndipo penye utajiri. Nyumba ya mawe ya Lamu ni mpango wa ngazi za ukaribu. Kwanza kuna daka lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mpita njia hukaribishwa akaketi, akazungumza na akaondoka bila kuvuka kizingiti. Baada ya mlango kuna tekani, ambayo huufanya mwendo ukunje kona ili jicho la mtu wa njiani lisifike ndani. Kisha kuna kiwanda, yaani uwanja wa katikati ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Kando yake huwa na sabule, chumba cha mgeni, ambamo mfanyabiashara aliyetoka mbali aliweza kupokewa na hata kulala bila kupita kwenye makao ya familia. Halafu hufuata msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu, na mwisho ndani, penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ulionakshiwa kwa chokaa na kupambwa kwa vyombo vya kaure. Kadiri unavyoingia ndivyo sakafu inavyopanda na mapambo yanavyozidi, na ndivyo idadi ya wanaoruhusiwa inavyopungua.

Yule mteja aliyeiona harusi alikuonyesha ugonjwa wenyewe: tovuti yako haina ngazi za ukaribu. Mgeni wa biashara, mwanafunzi wa istilahi na shangazi yako wameketishwa chumba kimoja, na aliyekuja mwisho ndiye anayepewa kiti cha mbele. Kwa hiyo sitiari yako imelenga penyewe.

Ukurasa wa mwanzo uwe daka: jina lako, lugha unazofasiri, njia ya kukupata, na mwaliko mfupi. Usiujaze, kwa sababu mtu wa barazani bado hajaamua kama ataingia. Bei, aina za kazi, muda unaohitaji na mifano miwili mitatu ya tafsiri zako viwe sabule, ukurasa mmoja unaofikiwa kwa kubofya mara moja kutoka dakani, ambapo mteja atamaliza shughuli yake yote na kuondoka akiwa ameridhika. Kiwanda kiwe orodha kamili ya yaliyomo, iliyopangwa kwa mada, pamoja na sehemu ya kutafutia. Huko ndiko kila njia ipite, na ndiko mwanga uingie. Makala za istilahi zikae misanani.

Mashairi nayaona kwenye zidaka, lakini hapa nitakuwa mkali kidogo. Kidaka hakiwekwi kila sahani ya nyumba. Kama umefasiri mashairi 60, chagua manane unayoyaonea fahari, uyape nafasi na hewa, na mengine uyaache kwenye orodha ya kawaida. Orodha ya maneno ya majahazi, ambayo nahisi utataka kuifungia ndani kwa kuwa unaipenda, itoe nje hadi karibu na kiwanda. Ndicho kitu pekee kwenye tovuti yako ambacho mtu asiyekujua kabisa anaweza kukihitaji usiku wa manane. Na picha za familia ziwe ndani kwelikweli, kwa nywila, au zisiwepo kwenye tovuti kabisa. Kuufuta ukurasa kwenye menyu hakuufichi, maana injini ya kutafutia inaweza kuufikia kwa kiungo kimoja kilichosahaulika mahali. Chumba cha intaneti kisichofungwa kwa nywila hakiwezi kuitwa ndani. Ni baraza ya upande wa nyuma tu.

Kuhusu menyu, mtu wako wa ufundi ana haki. Andika “Huduma na bei”, “Makala”, “Maneno ya majahazi”, “Mawasiliano”. Fikiria msomaji wa Kigoma au Bujumbura anayeona neno “Kiwanda”: atatarajia mashine na moshi, kwani nje ya nyumba za Lamu neno hilo kwa wengi lina maana hiyo. “Tekani” hatalitambua kabisa. Fikiria pia msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusomea skrini: yeye mara nyingi husikia jina la kiungo peke yake, bila picha wala mapambo, na jina hilo ndilo linalopaswa kumwambia anakwenda wapi. Ningekuruhusu jina moja tu, “Zidaka”, kwa ukurasa wa mashairi, na chini yake sentensi moja ya kulieleza, kwa sababu anayekuja kusoma mashairi hana haraka na atafurahia kujifunza neno. Mteja wa sabule hana nafasi hiyo.

Lipo jambo moja ambalo nyumba ya bibi haiwezi kukufundisha, na usipolitambua mapema litakuharibia mpango wote. Nyumba ile ilijengwa makusudi ili mtu asiweze kufika ndani pasipo kupita mbele. Ina mlango mmoja wa wageni, na mwenye nyumba anajua nani kaingia. Tovuti ina milango mingi kama kurasa zake. Mtu aliyeandika “maana ya mkuku wa jahazi” kwenye injini ya kutafutia hatapita dakani wala tekani, bali atashuka moja kwa moja kama aliyepenya darini, na atajikuta amesimama katikati ya orodha yako bila kujua yuko kwa nani. Ukimrudisha mlangoni kwa nguvu, ataondoka. Dawa yake ni kwamba kila ukurasa uwe na daka dogo lake: jina lako, mstari mmoja wa kusema wewe ni nani, njia ya kwenda kwenye orodha kuu, na njia ya kukuandikia. Lugha imetusaidia hapa, maana daka dogo ni kidaka, ingawa fundi wa Lamu angetushangaa kwa kulitumia neno hivyo. Hapo ndipo sitiari inapokoma, nawe usiifuate zaidi.

Uanzie wapi? Anza na mkeka. Andika kichwa cha kila ukurasa kwenye kipande cha karatasi, vipande vyote 200 na ushei, uvitandaze sakafuni, kisha uwaite watu watatu kila mmoja kwa wakati wake: mtu aliyewahi kukupa kazi, ndugu yako, na mtu asiyeijua tovuti yako. Usiwatajie nyumba. Waombe tu wavipange mafungu kadiri waonavyo, nawe ukae kimya uandike. Mafungu yao yakikaribiana na vyumba vyako, umepata. Wakikitupa kipande kimoja huku na huku wote watatu, ukurasa huo hauna chumba, na pengine haufai kuhamishiwa kwenye nyumba mpya. Utashangaa kurasa hizo ni ngapi.

Ufundi wenyewe hauna maneno mengi. Picha zipunguzwe uzito kabla ya kupakiwa, kila picha iwe na maelezo ya maandishi, na ukurasa ujaribiwe kwenye simu ya bei nafuu mahali penye mtandao dhaifu. Lakini usibadilishe anwani za kurasa bila sababu. Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, alihimiza jambo hili mwaka 1998, na bado linapuuzwa kila siku: mtu aliyehifadhi kiungo cha makala yako ya mwaka 2016 asikute ukuta. Ikibidi anwani ibadilike, mwambie kijana aweke maelekezo ya kudumu kwenye seva, yale yanayojulikana kwa namba 301, ili anayefika kwa anwani ya zamani apelekwe mpya bila kuhangaika. Tarehe nazo zibaki kwenye kila makala. Umeziondolea mamlaka ya kupanga nyumba, lakini msomaji bado anahitaji kujua umeandika lini.

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Dodoma. Tovuti yangu imejaa maandishi ya masomo, mengi yakiwa nusunusu. Rafiki ameniambia niipange upya niiite bustani, lakini nilivyosoma, sitiari za namna hii zilipitwa na wakati tangu Apple ilipoondoa picha za ngozi na mbao kwenye simu zake mwaka 2013. Je, bustani si mtindo tu?

JIBU

Kilichoondolewa mwaka 2013, mwanangu, ni maganda: kalenda iliyoshonwa kama ya ngozi, na rafu ya mbao iliyobeba vitabu. Folda na ukurasa vimebaki, na hakuna aliyevilalamikia. Tofauti hiyo ndiyo niliyomweleza dada wa Mombasa hapo juu.

Bustani nayo si ya jana. Mbunifu wa programu Mark Bernstein aliitumia kuzungumzia maandishi yenye viungo mwaka 1998, na mwaka 2015 mwanaelimu Mike Caulfield aliitofautisha na mkondo, yaani ule mpangilio wa kipya juu unaosukuma cha jana kisahaulike. Faida yake kwako ni kwamba inakuruhusu kuonyesha kitu kisichokamilika bila kudanganya, mradi useme kimefikia wapi. Unaweza kuandika juu ya kila ukurasa “mche”, “inakua” au “imekomaa”, maneno ambayo hayahitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote aliyekulia karibu na shamba. Ila nina swali moja kwako: unapalilia? Jembe ndilo linalolifanya shamba liwe shamba. Kama hurudii maandishi ya muhula uliopita ukayasahihisha na kuyaunganisha na ya muhula huu, basi unacho kichaka, na mpangilio wa tarehe utakufaa zaidi kwa kuwa angalau unasema ukweli. Jaribu kwa muhula mmoja: weka kwenye kila ukurasa tarehe ya palizi ya mwisho. Mwishoni mwa muhula tazama tarehe hizo, nawe utajua kama jina la bustani linakustahili.

SWALI

Ndugu Mhariri, familia yetu iko Muscat, lakini marehemu mjomba wetu alikuwa nahodha wa majahazi kati ya Oman na pwani ya Afrika Mashariki. Nina picha zake, na kanda alizosimulia safari zake kwa Kiswahili. Nataka kuzitengenezea tovuti upya kwa sitiari ya jahazi: ukurasa wa mwanzo uitwe Nanga, menyu iitwe Dira, sehemu ya kutafutia iitwe Darubini. Unaonaje?

JIBU

Allah amrehemu mjomba wenu. Nanga, dira na darubini ziachwe, kwa sababu zile zile. Tena lugha yetu imekutangulia baharini: msomaji wako tayari anavinjari, nalo ni neno la chombo kinachozungukazunguka majini kikilinda na kutazama, tayari anapakia na kupakua, kama mabaharia wa mjomba walivyofanya kwa shehena. Hana haja ya kukumbushwa kwa kuchorewa tanga.

Wewe una kitu kilicho bora kuliko sitiari. Mfasiri wa Mombasa hana nyumba ndani ya tovuti yake, ameiazima. Lakini kanda zako ni safari kweli. Zina bandari, zina pepo, zina majira. Jahazi lililoteremka kwa kaskazi kuja Lamu, Mombasa na Unguja, likangoja, na kurudi Oman kwa kusi, limekwisha kukupangia kurasa zako. Weka kila safari kwenye ukurasa wake, ndani yake bandari kwa mfuatano aliozitaja, na chini ya kila bandari picha na kipande cha sauti kinachohusu mahali hapo, pamoja na maandishi ya alichosema kwa wasioweza kusikiliza. Anayetaka Lamu peke yake apate pia orodha ya bandari zote kwa alifabeti. Majina ya safari yachukue kutoka kinywani mwake mwenyewe, kama aliziita kwa mwaka, kwa shehena au kwa tukio.

Bila shaka kutakuwa na kanda ambazo hazitaji bandari wala majira. Usizilazimishe kuingia kwenye safari yoyote. Zifungulie ukurasa wake, uuite “Haijulikani ni safari ipi”, na uweke hapo anwani yako ya barua pepe, maana huenda mtoto wa baharia mmoja, awe Sur kule Oman au awe Unguja, akaitambua sauti ya baba yake ikiitikia kwa nyuma.